Mapambo ya Chumba cha Mtoto: Hesabu Masaa Yako Kabla ya Kutaja Bei

Leo tunapanda mlimani, Nkoaranga, kwenye migomba na mikahawa ya Mlima Meru. Tunaongelea biashara ambayo akina mama na vijana wengi wa huku wanaiweza: mapambo ya kutengeneza kwa mkono kwa ajili ya vyumba vya watoto na nyumba za familia.

Hii biashara ina uzuri wake. Malighafi nyingi zipo karibu na nyingine ni za bure. Huhitaji fremu. Unaweza kufanya kazi nyumbani mtoto amelala. Mteja yupo Njiro, Sakina, Moshono, yupo Moshi, yupo Dar.

Ila ina tatizo moja kubwa. Unaweka picha, watu wanasema "nzuri sana dada", oda zinakuja, unashona mpaka usiku, halafu mwisho wa mwezi hela haionekani. Umechoka kuliko mtu wa kibarua na mfukoni huna kitu.

Mara nyingi shida sio bidhaa wala wateja. Shida ni kwamba umenunua uzi, gundi na kitambaa, ukavihesabu vyote, ila malighafi ya bei mbaya kuliko zote hukuihesabu kabisa. Malighafi hiyo ni masaa yako. Posti ya leo ni ndefu kidogo, lakini ukiisoma mpaka mwisho utaweza kupanga bei yako mwenyewe ukiwa na daftari na kalamu tu.

1. Angalia kwanza ulichonacho nyumbani

Kabla hujaenda mjini kununua vitu vya dukani, zunguka shamba na mtaa wako.

Magome ya mgomba. Mgomba ukishakatwa ndizi hauzai tena, shina linaachwa lioze shambani. Yale magome ya nje yaliyokauka ndiyo malighafi ya makapu, mikeka midogo na fremu za vioo. Yana rangi zake zenyewe, kuanzia maziwa mpaka kahawia iliyokolea, hivyo huhitaji hata kupaka rangi.

Vijiti vya mikahawa. Wakati wa kupogoa kahawa matawi yanatupwa au yanakuwa kuni. Vijiti vilivyonyooka, ukivimenya na kuvipiga msasa, ni vizuri kwa kutundikia mapambo.

Mabanzi. Pale wanapochana mbao, vile vipande vya pembeni vyenye ganda la mti vinauzwa kwa bei ndogo. Hivi ndivyo vibao vya majina.

Vipande vya vitenge. Kila fundi cherehani ana gunia la vipande. Ongea naye vizuri, panga siku maalum ya kuvichukua kila wiki, mpe hata kidogo. Fundi mwenye mkataba na wewe atakuchagulia vipande vikubwa, hatakupa vumbi.

Shanga. Hapa Arusha hatuna shida ya shanga, Wamasai na Waarusha wamezitumia miaka mingi na madukani zipo za kila rangi. Ila kwa vitu vya watoto wadogo kuna tahadhari, tutaifikia.

Kumbuka, "bure" maana yake hujalipa hela. Kuokota magome, kuyakausha na kuyachambua kunakula masaa. Yaandike.

2. Bidhaa nne za kuanza nazo

Usianze na bidhaa kumi na tano. Mtu anayetengeneza kila kitu hapati kasi kwa kitu chochote. Chagua moja au mbili kati ya hizi.

*Kapu la midoli la magome ya mgomba.* Kila nyumba yenye mtoto ina midoli imetapakaa sebuleni, kwa hiyo mama haitaji kushawishiwa sana. Chukua magome makavu, chana vipande vyembamba, vinyunyizie maji kidogo vilainike, kisha suka ukili kama wa mkeka. Ukili ukiwa mrefu, anza kuuzungusha na kuushona kwa sindano kubwa kuanzia katikati ya kitako kwenda juu. Tengeneza saizi tatu zinazoingiana: kubwa, ya kati na ndogo. Kwa nini? Kwa sababu unauza seti, na wakati wa kusafirisha zinakaa kama kapu moja. Nauli ya mzigo mmoja, bidhaa tatu.

Angalizo la mlimani: masika, kuanzia Machi mpaka Mei, huku kuna unyevu sana. Gome ambalo halijakauka sawasawa linaota ukungu ndani ya boksi, na mteja anafungua mzigo wenye harufu. Kausha na weka akiba wakati wa jua, hifadhi mahali penye hewa, juu ya chanja, sio kwenye mfuko uliofungwa. Chukua gome ulikunje kabla ya kulinyunyizia maji: likipasuka kwa mlio limekauka, likijipinda kimya bado.

*Pambo la kuning'inia la wanyama.* Hapa wengi wanakimbilia katuni za kigeni. Acha. Zile katuni zina wenyewe na haki zao, na kila mtu anazo. Wewe upo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa 1960. Kuna mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe, kuna twiga, kuna flamingo wa maziwa ya Momella. Mbega wanne wa kitambaa cheusi na cheupe wakining'inia kwenye kijiti cha mkahawa, hilo pambo halipo dukani. Na ukimwambia mteja kwamba huyu mnyama yupo msituni hapo juu yetu, ana kitu cha kumsimulia mwanae.

*Kibao cha jina na kipimo cha urefu.* Banzi moja likipigwa msasa vizuri linatoa kibao cha jina la mtoto, au cha mlangoni chenye jina la ukoo. Huku kwetu watu wanapenda ukoo wao: Kaaya, Pallangyo, Mbise, Nnko, Akyoo. Banzi refu linakuwa kipimo cha urefu wa mtoto, lenye mistari ya sentimita. Kama kibao chako kina mita 1 na kinaanzia alama ya 60, lazima kitundikwe sentimita 60 kutoka sakafuni. Andika hayo maelezo nyuma ya kibao, la sivyo mtoto wa miaka mitatu ataonekana ana urefu wa mwaka mmoja na mama atakurudishia. Halafu fikiria wapangaji. Wateja wengi wamepanga na mwenye nyumba hataki misumari. Weka kamba ya kutundikia kwenye msumari mmoja tu, na liseme hilo kwenye tangazo lako.

*Vitambaa vya kufuma, kwa sura mpya.* Mama zetu wamefuma vitambaa vya makochi na vya meza tangu zamani, na wapo bado wenye mkono mwepesi. Soko la kitambaa cha kochi limepungua kwa vijana, lakini ufundi uleule unatoa foronya za mito ya sebuleni, zulia dogo la kando ya kitanda, au vibendera vya kupamba ukuta siku ya kuzaliwa. Kama wewe hujui kufuma ila unajua kuuza, tafuta mama wa jirani anayejua. Mkubaliane malipo kwa kipande kabla ya kazi, sio baada ya kuuza.

3. Mteja ni mama, mtumiaji ni mtoto

Kwenye biashara nyingine ukikosea, mteja anapoteza hela. Kwenye hii, ukikosea mtoto anaweza kuumia. Hapa hakuna mjadala.

Vitu vidogo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anapeleka kila kitu mdomoni. Chukua kile kigae cha karatasi kinachobaki toilet pepa ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto. Kwa hiyo shanga, vifungo na macho ya kubandika visiwepo kwenye kitu atakachokishika mtoto mchanga. Macho ya mbega yadarizi kwa uzi. Shanga ziweke kwenye fremu ya sebuleni au chumba cha mtoto mkubwa.

Kamba. Uzi mrefu karibu na kitanda ni hatari ya shingo. Pambo la kuning'inia liwe juu, mbali na mikono ya mtoto, na mwambie mama alitoe mtoto akianza kujiinua kwa mikono, kama miezi mitano hivi. Ukimwambia hivi hatakuona mjinga. Ataona unajua kazi yako.

Rangi. Rangi za mafuta za zamani au zisizojulikana zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo yanaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Tumia rangi ya maji yenye lebo inayoeleweka, iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kopo lisilo na lebo usilitumie kwenye kitu cha mtoto, hata kama umepewa bure. Na banzi lipige msasa mpaka ukipitisha kitambaa chepesi kisikwame popote.

Mito. Mito ya mapambo kwenye kitanda cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja inaweza kumziba pumzi. Uza kama mito ya sebuleni au ya chumba cha mtoto mkubwa. Ukiombwa "mito ya kuzungushia kitanda cha kichanga", kataa kwa upole na umpe wazo jingine.

Chandarua. Kitanda cha mtoto wetu kina chandarua, picha nyingi za mitandaoni hazina. Pambo lako lisichane chandarua na lisizuie kushushwa. Na kile chandarua chenye dawa kinachotolewa kliniki au shuleni usikikate kufanyia mapambo. Kina kazi yake.

Andika mambo haya kwenye kikaratasi kidogo cha sentensi tatu au nne na ukiweke kwenye kila mzigo. Watu wanapiga picha hicho kikaratasi na kutumiana.

4. Sasa tupige hesabu

Tuchukue lile pambo la mbega wanne. Bei za vifaa hapa ni za mfano, weka za kwako.

Vipande vya kitambaa: 1,500
Uzi: 500
Pamba ya kujazia: 1,500
Gundi na msasa: 500
Boksi na karatasi ya kufungia: 1,500
Sehemu ya nauli ya kwenda kununua: 1,000
Bando: 500
Jumla ya vifaa: 7,000

Masaa: kukata saa 1, kushona na kujaza masaa 3, kuunganisha saa 1, kupiga picha na kujibu wateja nusu saa, kufunga na kupeleka kwa boda nusu saa. Jumla masaa 6.

Umeona mtu mwingine anauza 15,000, na wewe ukaweka 15,000. Ondoa vifaa 7,000, inabaki 8,000. Gawa kwa masaa 6: unapata kama 1,330 kwa saa. Halafu mteja anasema "dada nipunguzie, nifanyie 10,000". Unakubali kwa sababu unataka kuuza. Ondoa 7,000, inabaki 3,000. Gawa kwa 6. Umefanya kazi kwa shilingi 500 kwa saa.

Hapo ndipo hela inapopotelea. Umejilipa kidogo mpaka aibu, na kwa kuwa hukuandika, unadhani umepata faida.

Njia sahihi ni hii. Amua saa yako moja ni shilingi ngapi. Tuseme 2,000. Masaa 6 ni 12,000. Jumlisha vifaa 7,000, inakuwa 19,000. Ongeza asilimia 20 ya biashara yenyewe, yaani 3,800, kwa ajili ya kuharibika, kununua mkasi mpya na kukuza mtaji. Jumla 22,800. Bei yako ni 23,000.

Najua unachosema: "Watu wa huku hawatanunua kwa 23,000." Inawezekana. Lakini dawa sio kushusha bei na kujinyonga. Dawa ni kupunguza masaa.

Usitengeneze pambo moja moja. Kata mbega arobaini siku moja. Kesho shona miili tu. Keshokutwa jaza pamba na udarizi macho. Mkono ukirudia kitu kimoja unaenda haraka. Piga picha mara moja tu kwa mapambo yote kumi. Jibu maswali yanayojirudia kwa ujumbe ulioandaa. Ukifanya hivyo masaa 6 yanaweza kushuka mpaka 4. Tuhesabu tena: masaa 4 kwa 2,000 ni 8,000, vifaa 7,000, inakuwa 15,000. Asilimia 20 ni 3,000. Bei mpya ni 18,000. Umeshusha bei kwa 5,000 na saa yako bado inalipwa 2,000 ileile.

Punguzo lina faida likitoka kwenye kasi yako. Likitoka kwenye usingizi wako, unajiibia.

Na duka la mjini au la watalii likikuomba bei ya jumla, isiwe chini ya hiyo 18,000. Wao wataongeza ya kwao juu. Kama kwa bei hiyo hawawezi kuuza, bidhaa hiyo sio ya duka, ni ya mteja wako wa moja kwa moja.

5. Acha "bei njoo inboksi"

Mteja anaona kapu zuri, anaandika "bei?", unajibu "njoo inboksi dada". Nusu yao hawaji. Andika bei, saizi kwa sentimita, na siku utakazotumia kutengeneza. Atakayekuja inboksi ni mtu mwenye hela.

Picha: piga asubuhi au jioni karibu na dirisha au kibarazani, sio kwenye jua la saa sita. Weka kitu cha kulinganishia ukubwa, kama mpira au kitabu cha mtoto. Picha moja ya bidhaa ikiwa imetundikwa nyumbani, picha moja ya karibu kuonyesha mshono, na video fupi ya mikono yako ikisuka. Hiyo video ya mikono ndiyo inayoeleza kwa nini ni 18,000 na sio 5,000. Kama unataka kuweka picha ya mtoto wa mteja, omba ruhusa ya mzazi kwanza.

Mteja akiomba punguzo, usinune. Jibu hivi: "Asante dada kwa kupenda kazi yetu. Hili la mbega wanne ni 18,000. Kama bajeti ni ndogo, ninalo la mbega wawili kwa 11,000." Unapunguza kazi, haupunguzi thamani ya saa yako. Kuwa na bidhaa ndogo ya bei nafuu ni muhimu sana, kwa sababu mteja wa leo wa 11,000 ndiye atakayeagiza seti ya makapu matatu kesho.

6. Oda, kianzio na mzigo kufika

Kitu chenye jina la mtoto hakiuziki kwa mtu mwingine. Kibao cha "Neema" mteja akikikimbia kitakukalia. Kwa hiyo oda yenye jina ilipwe angalau nusu kabla, na jina aliandike mwenyewe kwa meseji. Brayan na Bryan ni watoto wawili tofauti.

Usichukue oda ya kesho. Sema siku saba, malizia siku ya tano.

Mzigo wa kwenda mikoani wengi tunatuma kwa basi. Ukishuka kutoka Nkoaranga mpaka barabara kuu ya Arusha na Moshi, panga siku moja au mbili za kutuma kwa wiki, usishuke kila siku kwa mzigo mmoja. Kama huwa unaenda soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, unganisha safari. Tuma picha ya risiti ya mzigo na namba ya basi kwa mteja palepale.

Kufunga: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na ukweli ni kwamba karatasi ya kaki iliyofungwa na utepe wa gome la mgomba inapendeza zaidi. Vibao viwili viwekwe uso kwa uso na kitambaa katikati.

Na ujue msimu wako. Desemba watu wa Kaskazini wanarudi nyumbani, nyumba za mlimani zinapakwa rangi, wageni wanajaa. Huo ndio msimu wa vibao vya ukoo, mito na makapu. Anza kuandaa Septemba, jua lipo na magome yanakauka. Ukisubiri Desemba utafanya kazi usiku na utakosea. Agosti kuna maonyesho ya Nanenane viwanja vya Themi, Njiro. Hata kama huna banda, nenda uone wengine wanauzaje.

7. Waliotangulia walifanya nini

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli. Vifaa vya kawaida kabisa. Alifariki 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza, na leo ukiona picha ya twiga au ndege ya mtindo ule unaitaja bila kuuliza. Somo kwetu: mtindo unaotambulika una thamani kuliko malighafi ya gharama. (Rangi zile tuziache ukutani, kitu cha kutafunwa na mtoto kina rangi yake.)

Hapa Arusha kuna Shanga, iliyoanza 2007 na mikufu ya shanga na vitambaa. Leo wanafuma, wanashona na wanayeyusha chupa kutengeneza glasi na mapambo, na mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Mgeni anaingia, anaona kazi ikifanyika, ndipo ananunua. Wewe huna karakana ya kutembelewa, ila una simu. Onyesha kazi ikifanyika.

Kenya kuna Ocean Sole, wanaokota ndala zilizotupwa na bahari na kuchonga wanyama wa rangi rangi. Takataka za mtu, mapambo ya mwingine. Migomba yetu inayooza shambani haina tofauti.

Wote hawa hawakushindana kwa bei ya chini. Walikuwa na kitu ambacho huwezi kukichanganya na cha mwingine.

8. Mtaji na makaratasi

Biashara hii inaanza na mtaji mdogo, usikimbilie mikopo ya riba kubwa ya kwenye simu kununua vifaa vya miezi sita. Anza na vifaa vya mapambo kumi, uza, zungusha.

Mkiwa kikundi, ulizeni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Mlango wa kuanzia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Atawauliza kumbukumbu za biashara, na hapo lile daftari la masaa na vifaa linageuka kuwa ushahidi. SIDO, iliyopo tangu 1973, ina ofisi Arusha na inatoa mafunzo kwa wazalishaji wadogo. Namba ya mlipakodi TRA wanatoa bure, ichukue mapema, maana duka kubwa au hoteli ikitaka kununua kwako itaiuliza.

Kazi ya wiki hii

Usikimbilie kubadilisha bei leo. Chagua bidhaa moja tu unayoiuza sana. Ukianza kuitengeneza, washa saa ya simu. Andika kila hatua: kukata, kushona, kujaza, kufunga, hata kujibu meseji. Andika kila kifaa mpaka nauli. Halafu chukua bei unayouzia sasa, ondoa vifaa, gawa kwa masaa.

Ukipata namba, tuandikie hapa chini: bidhaa gani, masaa mangapi, na saa yako inalipwa shilingi ngapi. Hakuna wa kukucheka, wengi wetu namba zinafanana. Tukizijua ndo tunaanza kuzirekebisha. Na kama una dada, shangazi au jirani anayefuma na kuuza kwa bei ya kuonea huruma, mtumie hii posti asome kabla hajachukua oda nyingine.